Mikono Yote ya Kushoto

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa Umoja wa Wanaume, majirani, na nyinyi nyote mliokaa nasi msibani tangu Jumatatu, naomba mtulie, na wenye kijitabu cha ratiba mkononi naomba wasinifuate kwa kidole, kwa sababu historia iliyochapwa ukurasa wa tatu siyo nitakayoisoma. Ile niliitunga mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu, baada ya kikao cha familia siku ya Alhamisi, ni nzuri, haina doa, na leo asubuhi mama ameisoma, akavua miwani, akaniambia kwamba nikithubutu kusoma hayo mapambo mbele ya jeneza la mume wake, atasimama aseme ya kweli yeye mwenyewe, na mnamjua mama. Kwa hiyo nasoma hii, na nasema mapema kwamba naisoma kwa aibu.

Marehemu baba yetu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Septemba 1949, katika hospitali ya misheni, akiwa mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume katika familia ya mwashi mmoja na mke wake, mama aliyekuwa akishona viraka kwa cherehani ya mkono, na inasemekana marehemu alijifunza kutambaa chini ya cherehani hiyo, akiokota vipande vya nguo na kuvilinganisha kimoja kwa kimoja. Shangazi yetu mkubwa, aliyeketi pale mbele, anasema kwamba kabla hajajua kufunga vifungo vyake mwenyewe alikuwa tayari anawakosoa wenzake kwa pindo zilizopinda. Mdogo wake wa kiume, ambaye sisi tunamwita Baba Mdogo, alizaliwa mwaka 1955, wakalala kitanda kimoja hadi kaka mtu alipokwenda chuo, na naomba mkumbuke hilo la kitanda kimoja.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwezi Januari 1957, akamaliza Novemba 1964, alipata kipaimara siku ya Pasaka mwaka 1963, kisha mwaka 1966 akaingia chuo cha ufundi kusomea ushonaji, akahitimu mwaka 1968 akiwa wa kwanza katika kukata na wa mwisho katika kuimba, jambo ambalo kwaya yetu italithibitisha kwa moyo wote. Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha sare, lile jengo refu lenye madirisha ya juu nyuma ya stendi, lililokuwa likishona sare za wanafunzi, wauguzi na walinzi, akaanzia kwenye matundu ya vifungo, na mwaka 1972 akahamishiwa kwenye meza ya kukatia, ambako alikaa mpaka alipopandishwa cheo. Hapo ndipo alipopata jina la Futi, kwa kuwa futi yake ya kupimia haikutoka shingoni, hata Jumapili, mpaka mchungaji wa wakati ule akamwita pembeni na kumwambia kwa upole kwamba mbinguni hatutapimwa viuno.

Jumamosi tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa takatifu na mama yetu, aliyekuwa akifanya kazi sehemu ya pasi katika kiwanda hicho hicho, na Mungu akawajalia watoto wanne, mimi, dada zangu wawili, na kitinda mimba wetu aliyesafiri juzi kuja kumzika baba, pamoja na wajukuu tisa ambao marehemu aliwashonea wote nguo za ubatizo. Alikuwa baba wa kutushika mkono kuvuka barabara, alikuwa mume wa kumpelekea mke wake chai kitandani kila Jumapili, na hayo ninayasema bila kutia chumvi, kwa sababu nitakayoyasema sasa hayafuti hayo, ingawa nimejaribu tangu asubuhi kuona yanakaaje pamoja katika mtu mmoja, na sijaona bado.

Mwaka 1980 marehemu alimwombea mdogo wake kazi kiwandani, wakawa meza moja, kaka akikata na mdogo akitandaza. Kwa wasiojua kazi hiyo, kitambaa hutandazwa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, mkataji anachora kwa chaki tabaka la juu kabisa, kisha anapitisha mashine ya kukatia mara moja, tabaka zote zinakatika pamoja, kwa hiyo akipatia amepatia zote na akikosea amekosea zote. Mkataji ndiye anayeamua kitambaa kitandazwe vipi, mtandazaji hana kauli, na katika meza ya marehemu palikuwa na desturi nyingine zaidi, kwamba akishaweka chaki hakuna anayeuliza neno, iwe ni mtandazaji, iwe ni msimamizi, na aliyewahi kuuliza alijibiwa mbele ya watu mpaka akatamani ardhi immeze.

Siku ya Jumanne tarehe 11 Oktoba 1983 ilikuwa zamu ya sare za wauguzi, kitambaa cha bluu chenye uso na mgongo, uso unang'aa na mgongo umefifia, na fundi yeyote hapa atawaambia kwamba kitambaa cha namna hiyo, ukitaka mkono wa kulia na mkono wa kushoto wa sare itoke katika mkato mmoja, tabaka lazima zitazamane uso kwa uso. Meneja alikuwa analeta wageni asubuhi hiyo, na baba yetu alitaka wakiingia waione meza yote inang'aa bluu kutoka mwanzo hadi mwisho, akamwambia mdogo wake atandaze nyuso zote zitazame juu, na mdogo wake akatandaza alivyoambiwa. Wageni waliingia, wakaisifu meza, marehemu akawasha mashine mbele yao, akakata kwa madaha, wageni wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai.

Walipoanza kuzifungua tabaka ili wazipeleke kwa washonaji, ilionekana kwamba mikono yote ilikuwa ya kushoto, mzigo mzima wa mikono ya kushoto, hata mmoja wa kulia haukuwepo, na kitambaa kilikuwa kimekwisha. Meneja aliitwa, akaja na sura ya kazi, akauliza ni nani aliyefanya vile, na baba yetu, akiwa na futi shingoni na chaki bado mkononi, alinyoosha mkono kwa mdogo wake, akasema kwamba mtandazaji ametandaza vibaya na yeye amekata akiamini kazi ya mwenzake.

Mama yangu alikuwa sehemu ya pasi, aliyaona hayo kupitia mlango uliokuwa wazi, na anasema Baba Mdogo hakujitetea, alimtazama tu kaka yake, akasubiri, akiamini kwamba kaka angesema neno la pili. Neno la pili halikusemwa. Alifukuzwa kazi pale pale, mbele ya mafundi wote, akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, na alipokuwa akitoka mlangoni kuna aliyepaza sauti kwa utani akasema kwaheri Kushoto, watu wakacheka, na baba yetu, kwa maneno yake mwenyewe aliyotuambia akiwa mgonjwa, naye akatabasamu.

Ndugu waombolezaji, hilo jina mnalijua, kwa sababu hakuna hapa ndani asiyemwita Baba Mdogo kwa jina hilo. Mafundi walitoka nalo kiwandani, likafika stendi, likafika sokoni, likaingia kanisani, watoto wakalipokea, na sisi watoto wa kaka yake tukamwita Baba Mdogo Kushoto mbele ya baba yetu, mezani, akituitikia kwa upole, na baba akiendelea kutafuna. Viwanda vingine havikumchukua, kwa kuwa habari za mikono ya kushoto zilikuwa zimeshatangulia, na baba wa mchumba wake alisema hawezi kumtoa binti kwa mtu asiyejua kulia na kushoto, harusi iliyopangwa Desemba ikafutwa, mpaka binti mwenyewe, ambaye ndiye Mama Mdogo wetu, alipokataa wachumba wengine na wakaoana mwaka 1986. Tangu wakati huo hadi juzi Baba Mdogo amekuwa akibadilisha zipu na kupunguza suruali katika kibaraza cha duka la viatu, na karibu kila mwanamume aliyekaa humu ndani amewahi kumpelekea nguo na kumtania asimrudishie koti lenye mikono miwili ya upande mmoja. Kila mmoja wetu alidhani ni yeye wa kwanza kuubuni mzaha huo.

Kaka mtu alimnunulia ile cherehani ya kibarazani, na sisi tukamsifu kwa moyo wake mkubwa, kwamba ameharibiwa kazi na bado anasaidia, na baba akazipokea sifa hizo. Mwaka 1984 alipandishwa akawa fundi mkuu wa kiwanda, mwaka 1991 akachaguliwa mzee wa kanisa, na tarehe 14 Aprili 1996 akawa mwenyekiti wa Umoja wa Wanaume, nafasi aliyoishika hadi mwaka 2018, na nyote mnajua alivyoishika. Yeye ndiye aliyeanzisha kwamba siku ya mkutano wa wanaume vikombe visioshwe na kina mama, vioshwe na viongozi, akikunja mikono ya shati kwanza yeye, yeye ndiye aliyekuwa akisafisha vyoo vya kanisa kila Jumamosi, akikaa benchi la mwisho, akikataa kiti cha mwenyekiti, na somo lake lilikuwa moja kila mwaka, la Bwana aliyejifunga taulo akawaosha wanafunzi wake miguu. Wanaume walilia kwa somo hilo. Mwaka 2010 mlimpa saa ya ukutani iliyoandikwa kiongozi mnyenyekevu, akaipokea ameinamisha kichwa, nasi tukamwona ameinama kwa unyenyekevu, kumbe alikuwa hawezi kututazama.

Nataka niseme hapa jambo ambalo limenikaa kooni, na ndugu zangu wanaume mnisamehe, kwa sababu linatuhusu. Baba yetu alikuwa tayari kuosha vikombe vya kanisa zima, alikuwa tayari kupiga deki chooni huku anaimba vibaya, alikuwa tayari kufanya kila kazi ya chini inayoonekana kwa macho, ili asifanye ile moja ya kufungua kinywa na kusema nilikosea mimi. Zile nyingine zilimpatia heshima, hii ingemnyang'anya. Kadiri alivyojishusha ndivyo tulivyomwinua, na kadiri tulivyomwinua ndivyo lile neno lilivyozidi kuwa gumu, maana mtu anayeitwa mnyenyekevu ataanzaje kusema amemchafua ndugu yake. Tulimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa, na alikufa akijua kwamba ni cha ukoka.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2009. Mwezi Machi 2022 alianza kusumbuliwa na koo, sauti ikawa inakwaruza, tukadhani ni mafua ya kawaida, akapelekwa zahanati, akapewa dawa za kikohozi, hali haikubadilika, na vipimo vya hospitali kuu vikaonyesha uvimbe mbaya katika koo, akaanza mionzi, na tarehe 22 Agosti 2023 akafanyiwa upasuaji, ambao ulimwachia sauti ya kunong'ona tu, ya kusikika na mtu aliyeinama karibu na mdomo wake. Katika kipindi chote hicho aliyekuwa akija kumnyoa ndevu, kumgeuza kitandani na kumlisha uji kwa kijiko alikuwa Baba Mdogo, akifunga kibaraza chake mchana, akivuka barabara, akirudi kabla ya wateja wa jioni.

Siku moja kabla ya upasuaji, baba alimwomba afunge mlango, akamwambia yote, akamwomba radhi huku analia, na mama alikuwepo chumbani akikunja shuka. Baba Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea mto vizuri, akamwambia, kaka, nimekusikia, ila ulinifukuza mbele za watu, na leo unaniomba radhi mlango umefungwa, siku nikilisikia limesemwa mbele za watu ndipo nitajua la kukujibu. Kisha akachukua wembe, akamnyoa, akamwambia asitikisike asije akamkata.

Baba alikubali, akaahidi kwamba akipona atasimama kanisani, lakini sauti haikurudi, na mimi nilimwambia kwamba anaweza kusimama nami kando yake, anong'one na mimi niseme kwa sauti, akakasirika, akanong'ona kwamba hatasemewa kama mtoto, kwamba jambo kama hilo mwanamume hulisema kwa kinywa chake mwenyewe, tusubiri. Tukasubiri. Ikapita Krismasi, ukapita mwaka mpya, Baba Mdogo akiendelea kuja na wembe wake bila kulikumbusha, na naona aibu kusema hivi juu ya mzazi wangu, lakini hata kutubu kwenyewe baba alitaka kuonekane kuzuri. Jumapili tarehe 18 Februari, baada ya kupokea meza ya Bwana kitandani, alimvuta mama kwa mkono, akanivuta na mimi, akanong'ona, nimechelewa, isomwe siku ya kunizika, na lile jina ni langu, nizikwe nalo, mdogo wangu asirudi nalo nyumbani. Alfajiri ya Jumatatu tarehe 19 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, alifariki dunia mama akiwa amemshika mkono.

Siku ya Alhamisi familia ilikaa sebuleni, ndugu wengi tu, na wazee wawili wa kanisa wakiwepo kwa nia njema, ikasemwa kwamba marehemu hasemwi vibaya, kwamba vijana wataanguka imani, kwamba Umoja wa Wanaume utachekwa, kwamba Baba Mdogo mwenyewe hajadai kitu, na mimi niliyeyasikia maneno ya baba kwa masikio yangu nikasema sawa, nikaenda nikatunga ile ya ukurasa wa tatu. Wakati tunakata kauli hiyo sebuleni, Baba Mdogo alikuwa kibarazani kwake, anaipunguza suti ya kumzikia kaka yake, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umemmaliza mwili na suti yake ya Jumapili isingemkaa. Sisi tuliomtazama asubuhi hii kabla ya jeneza kufungwa tumeona jinsi ilivyomkaa, mabega yamelala, na mikono yote miwili, wa kulia na wa kushoto, imeishia pale pale panapotakiwa, kwenye kifundo cha mkono.

Kwa hiyo natamka mbele zenu, kwa niaba ya marehemu na kwa amri yake, kwamba tarehe 11 Oktoba 1983 aliyekosea alikuwa yeye, aliyeamuru kitambaa kitandazwe vile alikuwa yeye, aliyesema uongo mbele ya meneja na mafundi alikuwa yeye, na mdogo wake hakuwa na kosa lolote, si la mkono, si la kichwa, si la uzembe. Baba Mdogo, najua umekaa benchi la nyuma karibu na mlango, kama kawaida yako, na kwamba hakuna mtu wa itifaki aliyekumbuka kukuleta mbele. Kile kiti kilicho wazi kando ya mama, ambacho watu wamekuwa wakiulizana ni cha mgeni gani, ni chako, ukipenda kuja uje, na usipopenda hatutakulaumu, wala hatutasema kwamba umekataa kusamehe. Umesikia mbele za watu. La kujibu ni lako, na muda ni wako.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya koo, waliovaa sare za bluu zilizomfanya baba ageuze uso ukutani kila walipoingia, na hawakumchukia kwa hilo, kwa wafanyakazi wenzake wa zamani wa kiwanda, hasa fundi wa mashine na mama wa vifungo waliokuja kwa miguu, kwa majirani waliotupatia viti, maji na mahali pa kulaza wageni, kwa mchungaji aliyempelekea meza ya Bwana hadi kitandani, na kwa Umoja wa Wanaume waliochimba kaburi kwa mikono yao. Ile saa ya ukutani tunawarudishia leo, iko mlangoni, msiione kama tusi, ni ombi la mama.

Shukrani ya mwisho tulitaka kumpa fundi aliyeipunguza suti, lakini naona amesimama, kwa hiyo naishia hapa, nimpishe njia. Kuanzia dakika hii mwenye nguo ya kupeleka kibarazani kwake ampelekee, na amwite fundi, au amwite jina alilopewa na wazazi wake wakati wa ubatizo, mkilisahau muulizeni, kwa sababu lile jingine tunalishusha kaburini leo pamoja na mwenyewe.

Pumzika kwa amani, baba. Pumzika kwa amani, Kushoto.